Gia Ilibadilishwa Angani, Abiria Hatukuambiwa

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri kwenye kongamano la vijana hapa Temeke. Wengi walikosa nafasi ukumbini na wengine walikuwa kazini, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema.

Mwenyekiti wa kongamano, wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, na ninyi vijana ambao baadhi yenu nimewafundisha Uraia: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wengine wote, habari za alasiri.

Mmeniomba nizungumzie vyama na misimamo. Nitazungumza kama mpiga kura, maana sina kadi ya chama chochote na sijawahi kuwa nayo. Ila nina kitu kingine. Nina kumbukumbu, na ina maumivu ndani yake, na leo nitayasema.

Kutoka hapa tulipo hadi viwanja vya Mwembe Yanga ni mwendo wa miguu. Tarehe 15 Septemba 2007 nilikuwa nimesimama pale. Ilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani, tumefunga, jua la Temeke mnalijua. Hakuna aliyeondoka. Dokta Wilbrod Slaa wa chama cha upinzani cha CHADEMA alipanda jukwaani akasoma majina 11 ya wakubwa wa nchi hii, mmoja baada ya mwingine, akiwatuhumu kwa ufisadi. Orodha ya Aibu, ndivyo ilivyokuja kuitwa. Waliomo walikanusha. Lakini, ndugu zangu, mnajua ni nini kilitokea kwa sisi tuliokuwa tumesimama vumbini?

Tulipata neno.

Kabla ya hapo, fisadi ni neno tulilolisikia kwenye mawaidha. Fisadi alikuwa mtu mharibifu, mtu anayeharibu wake za watu na mabinti wa watu. Baada ya siku ile neno likahamia kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye foleni ya maji. Mama aliyekaa gizani kwa mgao wa umeme akawa na neno la kumwita aliyehusika na giza lile. Mwezi Januari 2008 Gavana wa Benki Kuu akaondolewa kwa sababu ya fedha za EPA, ile akaunti ya madeni ya nje. Tarehe 7 Februari 2008, baada ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dokta Harrison Mwakyembe kusoma ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa, mmoja wa waliosomwa Mwembe Yanga, akajiuzulu. Haikufika hata miezi sita tangu Mwembe Yanga! Tukaona kumbe maneno yanayosemwa na watu wasio na serikali, wasio na jeshi, yana uzito.

Mwaka 2010 Slaa akagombea urais, akapata kura zaidi ya milioni 2. Wabunge wa CHADEMA wakafika 48. Vijana wa wakati ule, ambao leo ni baba zenu wadogo, walikuwa wakisikia "Peoplez!" wanajibu "Pawa!" hadi sauti inakauka. Walikuwa maskini wa kila kitu, na chama chao kilikuwa maskini wa kila kitu, ila kilikuwa na neno moja ambalo hakuna mwingine angeweza kulisema kwa mdomo safi.

Sasa twende 2015.

Julai 2015 chama tawala, CCM, ikakaa Dodoma, ikalikata jina la Lowassa, ikampitisha John Magufuli. Tarehe 28 mwezi huohuo Lowassa akahamia CHADEMA. Tarehe 4 Agosti, pale Mlimani City, akasimamishwa kuwa mgombea urais, akiungwa mkono na vyama vya UKAWA, ule umoja wa wapinzani. Hesabuni siku kwa vidole. Siku saba! Miaka minane ya kutwambia jambo moja, na siku saba za kutwambia jambo lingine.

Wenyewe walilipa jina. Walisema wamebadili gia angani. Mnaukumbuka msemo huo? Ulipendwa sana, ulikuwa unachekesha vijiweni. Mimi haukunichekesha. Ikiwa gia inabadilishwa angani, basi sisi wengine tulikuwa ndani ya ndege. Nani alituambia abiria kwamba safari imegeuzwa? Nani alituuliza?

Nataka hapa niseme jambo kwa haki. Mzee Lowassa hakuwahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote. Kuhusu Richmond alisema uamuzi ulitoka juu yake, na mwenye ushahidi aende mahakamani. Ametangulia mbele ya haki Februari 2024, na mimi sikuja hapa kumsema marehemu. Inawezekana kabisa alionewa. Hoja yangu ni kwa waliompokea. Kama pale Mwembe Yanga walimkosea mtu yule, kwa nini hawakurudi Mwembe Yanga kumwomba radhi hadharani, mbele yetu sisi tulioshangilia? Na kama pale Mwembe Yanga walikuwa sahihi, Mlimani City walikuwa wanafanya nini?

Hakuna jibu la tatu. Nimelitafuta kwa miaka yote hii. Jibu tulilopewa lilikuwa hesabu: huyu ana watu, huyu ana mtandao, huyu anaweza kuwaondoa CCM. Siasa haina adui wa kudumu, wakatwambia.

Na sitawadanganya, hesabu ile ilizaa. Anayewaambia kwamba haikuzaa hawatendei haki. Lowassa alipata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40, kiwango ambacho mgombea wa upinzani hakuwa amewahi kukifikia tangu vyama vingi virudi. Wabunge wa CHADEMA wakapanda kutoka 48 hadi 70. Jiji letu hili la Dar es Salaam likapata meya wa upinzani. Watu walijaa viwanjani hadi wakaitwa mafuriko. Nilikuwa na rafiki, mwalimu mwenzangu, alinishika mkono siku ile akaniambia, "Mwalimu, wewe endelea na misimamo yako, sisi tunaingia Ikulu." Sikuwa na la kumjibu. Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 58 na ushei, na bado sikuwa na la kumjibu, kwa sababu asilimia 40 ni nyingi.

Jibu nililipata baadaye, na nililipata kwenye kikundi cha kuweka na kukopa huku mtaani kwetu. Naomba niwasimulie.

Kikundi chetu kilikuwa na watu 28. Tulikutana kila Jumapili, kasha letu lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Kulikuwa na kanuni moja iliyokuwa juu ya zote: anayechelewesha rejesho analipa faini kabla hajakaa kwenye kiti. Alfu mbili tu. Lakini unalipa ukiwa umesimama, watu wote wanakuona. Kina mama walikuwa wanaiogopa ile kusimama kuliko ile alfu mbili.

Siku moja akachelewa mwanachama mwenye hisa nyingi kuliko wote. Akaja wiki ya pili, hajalipa. Wiki ya tatu akasema wazi kwamba akisumbuliwa anatoa hisa zake anaondoka. Akiondoka, karibu nusu ya kasha linaondoka naye. Viongozi tukakaa pembeni. Mimi nilikuwa katibu. Tukaambiana tuwe watu wazima, tuangalie hali halisi, tusivunje kikundi kwa alfu mbili. Tukamsamehe, na katika daftari mimi kwa mkono wangu nikaandika "amelipa".

Jumapili iliyofuata akasimamishwa mama mmoja anayeuza vitumbua. Alikuwa amechelewa siku mbili, mtoto alilazwa. Nikamwambia faini. Hakubisha wala hakupaza sauti. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, na yule?" Basi. Maneno matatu.

Tangu siku ile sikuweza kumtoza faini mtu yeyote. Kanuni ilikuwepo, kwenye katiba yetu imeandikwa vizuri kabisa, ukurasa wa pili. Ila kila nilipofungua mdomo kusema neno faini, sauti haikutoka. Kikundi kikadumu miezi 11 kikafa, na yule mwenye hisa nyingi alikuwa wa kwanza kuchukua chake.

Sasa mnanielewa ninachokisema? CHADEMA baada ya 2015 walikuwa na wabunge wengi, madiwani wengi, ruzuku kubwa kuliko wakati wowote. Ila neno ufisadi halikutoka tena. Nani angelisema? Kila aliyelitamka aliulizwa, "Na yule?" Wakanyamaza. Na neno zuri halikai chini muda mrefu bila kuokotwa. Magufuli aliliokota. Akasema anatumbua majipu, na mwaka 2016 divisheni ya Mahakama Kuu ya kushughulikia rushwa na uhujumu uchumi ikaanzishwa. Watu walewale waliokuwa na mimi Mwembe Yanga wakampigia makofi rais wa CCM kwa kusema maneno yaliyozaliwa kwenye jukwaa la upinzani. Walikosea? Mimi siwezi kuwalaumu. Walikuwa wanalifuata neno lao lilipokwenda.

Msema kweli hafichi upande wa pili. Yaliyowapata wapinzani baada ya pale hayakutokana na mgombea peke yake. Mikutano ya hadhara ilizuiwa kuanzia 2016 na ikafunguliwa Januari 2023. Tundu Lissu, mbunge wa CHADEMA, alipigwa risasi Dodoma Septemba 2017, akaponea chupuchupu. Uchaguzi wa 2020 CHADEMA ilitoka na mbunge mmoja tu wa jimbo, Nkasi Kaskazini, na wenyewe waliyakataa matokeo yale. Nayajua hayo yote, na aliyeyafanya ana lake la kujibu. Lakini chama kinachopigwa kinahitaji watu wa kusimama nacho, na mtu hasimami mvuani kwa ajili ya hesabu. Mvua ikianza, mwenye hesabu anahesabu upya.

Na walihesabu upya! Mnakumbuka kuanzia mwishoni mwa 2017? Mbunge anaamka asubuhi anatangaza kwamba anajiuzulu ubunge na kuhamia CCM, sababu: kuunga mkono juhudi. Wiki inayofuata mwingine, na madiwani wengi nyuma yao. Kisha uchaguzi mdogo, kisha yuleyule anarudi kugombea jimbo lilelile kwa shati la rangi nyingine. Tulikasirika sana. Tuliwaita wasaliti. Lakini wao walijifunza wapi? Walifundishwa Agosti 2015 kwamba shati ni shati tu, kwamba kinachotazamwa ni nani anaweza kushinda. Wakaliweka somo hilo katika vitendo. Tarehe 1 Machi 2019 Lowassa mwenyewe akarudi CCM. Frederick Sumaye, Waziri Mkuu mwingine wa zamani aliyekuja naye 2015, akafuata njia hiyo mwaka uliofuata. Waliosimama kwenye jua la mafuriko yale wakabaki na fulana.

Naona ndugu zangu wa kijani, wana-CCM, mnatabasamu. Subirini kidogo, nakuja kwenu.

Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu kijana, na nilikuwa nafundisha somo ambalo ninyi hamkulikuta, liliitwa Siasa. Ndani ya somo lile tulifundisha Azimio la Arusha la 1967, na ndani ya Azimio tulifundisha miiko ya uongozi. Wanafunzi walikariri kama Fatiha. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Mtoto akisahau la nne, anarudishwa kuanza upya.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ikakutana Zanzibar, Mwalimu Nyerere akiwa ameshatoka kwenye uenyekiti tangu Agosti ya mwaka uliotangulia. Walipotoka, miiko ile ilikuwa imelegezwa. Kiongozi ruksa kununua hisa, ruksa kupangisha. Sababu zilikuwepo, na zilikuwa za kueleweka. Mishahara ya miaka ile haikuwa inafika hata tarehe 10. Kila mtumishi alikuwa na mradi: mwalimu anauza maandazi, daktari anafuga kuku. Kwa nini kiongozi pekee azuiwe? Hali halisi, wakasema.

Muhula ule mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, mtoto mkimya sana, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwenye mtihani tuandike ile au hii?" Nikasimama na chaki mkononi. Nikamwambia waandike ile iliyo kwenye kitabu. Akakaa. Lakini niliona usoni mwake jambo limemwingia ambalo halitatoka: kwamba kuna misingi ya kwenye mtihani, na kuna mambo yanavyokwenda. Nimewafundisha mamia baada yake, na sura ile naiona mpaka leo.

Kwa hiyo mkicheka kule, chekeni na huku. Ile gia ya kwanza haikubadilishwa 2015. Ilibadilishwa 1991, na chama kilichofanya hivyo kinatawala hadi leo. Na huko nako wanachama wa mashinani waliugundua uamuzi ukiwa umeshafika. Bandiko la Azimio la Arusha lilibaki ukutani kwenye ofisi nyingi za matawi kwa miaka. Hakuna aliyelibandua. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Wangelibandua tungejua.

Kijana mmoja aliniuliza kabla sijapanda hapa: "Mwalimu, unataka vyama vishikilie misimamo hadi vife?" Ni swali zuri, na sitaki kulikimbia.

Kwanza nikuambie kwamba sitafuti watakatifu. Tarehe 1 Septemba 2015 Slaa aliwaita waandishi akatangaza kuachana na siasa za vyama. Nilimsikiliza redioni nikiwa nimesimama. Nikasema, yupo mmoja. Miaka miwili baadaye akakubali kuwa balozi wa serikali ya CCM kule Sweden. Profesa Lipumba aliacha uenyekiti wa CUF, chama kingine cha UKAWA, Agosti 2015 akisema nafsi yake inamsuta. Mwaka uliofuata akarudi kuudai uenyekiti uleule, na CUF ikapasuka hadi Katibu Mkuu wake, Maalim Seif, na watu wake wakahamia chama cha ACT-Wazalendo 2019. Binadamu ni hao. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachwa kwenye moyo wa kiongozi mmoja.

Pili, chama kinaweza kubadilika. Lazima kibadilike, nchi ya 1967 siyo nchi ya leo. Kinaweza hata kumpokea mtu kiliyemtuhumu. Lakini kije kiniambie mimi niliyesimama juani. Kiseme: tulisema hivi, tumeona hivi, tumekosea hapa, na ninyi mnasemaje? Kikubali kusikia "hapana" kutoka kwa katibu wa tawi ambaye kiatu chake kina tundu. Mwaka 2015 siku saba zilitosha kwa vikao vya hotelini. Kwa mikutano ya matawi zisingetosha, na nadhani walijua.

Na inawezekana. Novemba 2020 wanawake 19 wa CHADEMA waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu, na chama kikasema hakikuwateua. Hesabu ilikuwa rahisi: nyamaza, pata sauti Bungeni. Ndani ya siku tatu chama kikawavua uanachama. Mei 2022 rufaa zao zikafika Baraza Kuu, zikapigiwa kura, zikakataliwa. Wao walikwenda mahakamani na wakaendelea kukaa Bungeni, na wana upande wao wa kueleza. Lakini Baraza lilipiga kura watu wanaona. Vilevile Januari 2025, palepale Mlimani City, kura za mwenyekiti wa CHADEMA zilihesabiwa usiku kucha huku nchi nzima inatazama: Lissu 513, Freeman Mbowe aliyekuwa akitetea kiti 482. Chama kilichagua kati ya njia mbili, hadharani, kwa tofauti ya kura 31. Miezi michache baadaye, wakati Lissu yuko mahabusu kwa kesi ya uhaini, wapo walioona msimamo wa kugomea uchaguzi bila mageuzi hautekelezeki. Wakahamia chama kingine, CHAUMMA, na sababu zao wakazisema. Mimi sikubaliani nao, lakini nawaheshimu kwa kuzisema. Gia ile tuliiona ikibadilishwa, tukiwa barabarani, dereva anajulikana.

Nirudi kwa yule mama wa vitumbua, halafu nikae. Miaka miwili baada ya kikundi kufa nilimfuata gengeni kwake. Nilikuwa na lile daftari. Nikamwonyesha ule mstari nilioandika "amelipa", nikamwambia haikuwa kweli, niliandika mimi. Alikuwa anageuza vitumbua, hakuacha kugeuza. Akasema, "Nilijua, Mwalimu. Wote tulijua. Tulikuwa tunasubiri useme."

Kuna binti pale nyuma, mwenye mtandio wa bluu, mkono wake uko juu tangu nilipotaja Dodoma. Mpelekeeni kipaza sauti.